Bawa Dogo la Paramota: Tulipimeje?

Paramota ni chombo cha kurukia chenye sehemu mbili kuu: bawa la kitambaa, na injini ndogo yenye rafadha, yaani panga boi, ambayo rubani huibeba mgongoni. Bawa hilo halina mifupa ya mbao wala ya bati kama la ndege. Hewa iingiayo kwa matundu ya upande wa mbele ndiyo inayolijaza na kulipa umbo. Bawa la namna hiyo lilibuniwa na Domina Jalbert, huko Marekani, katika miaka ya 1960.

Siku hizi bawa la muundo mmoja hushonwa kwa vipimo mbalimbali, na marubani wengi huvutiwa na lile dogo kwa sababu ya kasi yake. Lakini kasi hiyo hailetwi bure, na hesabu ya kidato cha tatu yatosha kutuonyesha gharama yake.

Bawa likiwa katika mwendo usiobadilika, nguvu ya kuinua hukaribia kulingana na uzito wote unaobebwa. Nguvu hiyo hutegemea eneo la bawa, msongamano wa hewa, na kipeo cha pili cha kasi. Kwa hiyo eneo likipunguzwa bila kupunguza uzito, kasi haina budi kuongezeka.

Tuchukue mfano. Rubani, injini, petroli na bawa vina jumla ya kilo 100. Chini ya bawa la mita za mraba 25, kila mita ya mraba hubeba kilo 4. Chini ya bawa la mita za mraba 16, hubeba kilo 6.25. Mzigo umeongezeka mara 1.56, na kasi huongezeka kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo, yaani mara 1.25. Bawa kubwa likienda kilomita 36 kwa saa, dogo litakwenda kilomita 45.

Sasa tutazame gharama. Injini ikizimwa, bawa kubwa linaloshuka mita 1.25 kwa sekunde hulinganishwa na dogo linaloshuka mita 1.56. Kwa kweli dogo hushuka kasi zaidi ya hapo, kwani mwili wa rubani haukupungua pamoja na bawa, na ukinzani wake dhidi ya hewa haukupungua. Wakati wa kutua, kama hakuna upepo, nishati ya mwendo hupanda kutoka jouli 5,000 hadi karibu 7,800, nayo sharti rubani aimalize kwa breki na kwa miguu yake. Ni kweli kwamba kasi huongeza shinikizo ndani ya bawa, hata lisikunjwe kwa urahisi na hewa chafu. Lakini likikunjika, mambo hutokea upesi na nafasi ya kujiokoa ni fupi.

Upimaji wenyewe hufanywa asubuhi, hewa ikiwa tulivu. Kasi hupimwa kwa kuruka na upepo, kisha dhidi yake: tukipata kilomita 60 na 30 kwa saa, wastani wa 45 ndio kasi ya bawa, na upepo ni 15. Kadiri ya kushuka hupimwa injini ikiwa imezimwa. Kuvuta breki hadi bawa lipoteze nguvu ya kuinua ni kazi ya wataalamu, juu ya maji, wakiwa na mwavuli wa akiba.

Mahali nako kuna uzito wake. Huko Iten, Kenya, penye kimo cha mita 2,400 hivi, hewa ni nyepesi. Bawa la kilomita 45 kwa saa pwani litahitaji karibu kilomita 50.

Kanuni ya Ulaya iitwayo EN 926 huyapanga mabawa ya kurukia katika madaraja manne, A hadi D. Nalo daraja ni halali kwa uzito uliopimiwa tu. Mwanafunzi na akokotoe: rubani na vifaa vyake vyenye kilo 64, chini ya bawa lile la mita za mraba 16, ataruka kwa kasi gani? Atapata kilomita 36 kwa saa. Basi udogo wa bawa hausomwi kwenye kitambaa peke yake. Husomwa pamoja na mizani.