Pima Mgandamizo Kabla ya Kufungua Injini

Asubuhi za baridi za Juni na Julai, gari kuukuu la dizeli huko Mtendeni, mjini Tabora, laweza kugoma kuwaka. Mara nyingi mwenye gari huambiwa kwamba pistoni zimekwisha, hivyo injini ifunguliwe. Akiba ya familia huondoka, pengine bila sababu. Kabla ya kukubali, ndugu msomaji, mtake fundi apime mgandamizo, yaani kompresheni.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Pistoni huibana hewa hata ikapata joto la nyuzi 500 na zaidi, na dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Ringi zikilika, au valvu zisipofunga barabara, hewa huvuja na joto hupungua; injini huwaka kwa shida, ikitoa moshi mweupe.

Kwanza betri iwe na moto wa kutosha, nafasi za valvu zirekebishwe, na ikiwezekana injini ipate joto. Kisha njia ya mafuta ifungwe, plagi za kupashia joto zitolewe zote, na geji ifungwe kwenye silinda moja baada ya nyingine huku stata ikizungusha injini. Geji iwe ya dizeli. Ile ya petroli haistahimili nguvu hiyo. Wala fundi asimimine oili ndani ya silinda kama afanyavyo kwa petroli. Nafasi iliyo juu ya pistoni ni ndogo mno, na oili haibaniki. Konrodi yaweza kupinda.

Mercedes-Benz 240D, kwa mfano, ikiwa nzima huonyesha kama kilo 22 hadi 24 kwa sentimita mraba. Ikishuka chini ya 15 imechoka, na tofauti baina ya silinda haifai kuzidi 3. Lakini Tabora ipo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini ionyeshayo 24 Dar es Salaam itaonyesha kama 21 Tabora, nayo haina kosa lolote.

Kwa hiyo tazama pia ulingano. Silinda zote zikiwa na nguvu na zikilingana, kosa litafutwe kwanza kwenye plagi, nozeli au pampu. Mbili zilizo jirani zikishuka pamoja, gasketi ishukiwe.

Hesabu hizo ziandikwe kila mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari.