Akitekti, Usisubiri Michoro Iishe Ndio Ulipwe

Kuna biashara ambazo pesa huingia kila siku: duka, saluni, kibanda cha chakula. Ofisi ya akitekti haiko hivyo. Kazi moja inaweza kuchukua miezi kadhaa kabla kaunti ipitishe ramani, na kodi ya ofisi na mishahara haingoji. Ndiyo maana unaweza kuwa na kazi tele mezani na bado ukope kila mwisho wa mwezi.

Kama unaendesha ofisi ndogo ya michoro, anza na mambo haya manne.

1. Gawa malipo kwa hatua
Tuseme mmekubaliana Sh300,000. Ukingoja mwisho, wewe ndiye unayegharamia nyumba ya mteja. Andikeni kwenye mkataba: Sh90,000 kabla ya kuanza, Sh90,000 mteja akikubali michoro ya kwanza, Sh90,000 kabla ramani haijapelekwa kaunti, na Sh30,000 ikishapitishwa. Hatua ikiisha, tuma ankara siku hiyo hiyo. Ukikaa wiki mbili, mteja naye atakaa.

2. Tenga pesa ya ofisi na yako
Tumia Paybill ya ofisi, na umpe kila mteja namba ya mradi aandike kama namba ya akaunti. Ukifungua taarifa ya mwezi, utaona nani amelipa na ya hatua gani. Kumbuka pia kwamba muamala mmoja wa simu hauzidi Sh250,000, kwa hivyo malipo ya hatua hupita bila shida.

3. Elewa makato
Mteja akiwa kampuni, anaweza kukata asilimia 5 ya ada yako na kuipeleka KRA. Kwa ankara ya Sh90,000, utapokea Sh85,500. Usigombane naye. Mwombe cheti cha makato hayo, kwa sababu ile Sh4,500 inahesabiwa kwenye kodi yako ukijaza ritani.

4. Fundisha timu yako habari za pesa
Kama ni bosi peke yake anayejua nani anadaiwa, akiugua kila kitu kinasimama. Chagua mtu mmoja wa kutuma ankara na kufuatilia, wewe ubaki na kuidhinisha pesa inayotoka. Usimpe PIN yako. Aingie kwa ruhusa yake mwenyewe. Kila Jumatatu kaeni dakika 20 na mjiulize: hatua gani imeisha? Nani hajalipa? Mishahara ya mwezi huu inatoka wapi? Kijana anayesikia maswali haya ataelewa kwa nini mteja akitaka jikoni libadilishwe mara ya nne, lazima aongeze kitu. Kesho akifungua ofisi yake, hataanzia sifuri.

Na wewe unayejenga?
Kabla ya kutuma shilingi, hakikisha jina la akitekti liko kwenye orodha ya BORAQS, bodi inayosajili wasanifu majengo nchini. Omba mkataba wenye hatua, lipa kwa namba ya ofisi, na uhifadhi ujumbe wa kila malipo. Usitume pesa yote mara moja, hata ukiahidiwa punguzo. Ukilipa kwa hatua, michoro yako haitalala mezani kwa sababu ofisi imekosa pesa ya kuwalipa wanaoichora.