Mafuta Yanayohama Mlangoni

Pitisha kidole ndani ya kioo cha mbele cha gari lililoshinda juani. Kitatoka na utando mwembamba wa mafuta, ambao ukiufuta kwa kitambaa kikavu unazidi kutapakaa. Kwa miaka mingi nilidhani ni moshi wa barabarani. Kumbe sehemu ya utando huo ilitoka kwenye dashibodi na milango ya gari lenyewe.

Nilielewa hivyo nilipoamua kutengeneza mlango wa gari langu la mwaka 1996. Leza ya upande wa ndani ilikuwa imebanduka pembeni na kupasuka karibu na kioo, na nilipoibonyeza ilitoa sauti kama jani la mgomba lililokauka.

Leza hiyo haikutoka kwa ng'ombe. Ni PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji taka. Gonga bomba, kisha bonyeza leza mpya ya namna hiyo, utashangaa kwamba ni kitu kimoja. Mwaka 1872 mkemia Mjerumani Eugen Baumann aliona gesi ya kloridi ya vinili, aliyoiacha juani ndani ya mirija ya kioo, ikigeuka kitu kigumu cheupe, yaani PVC. Kwa ugumu wake hakikuwa na kazi ya maana. Mwaka 1926, huko Akron, Ohio, Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich alikuwa anatafuta gundi ya kushikanisha mpira na chuma. Akaichemsha PVC ndani ya kiyeyusho kisichokauka upesi. Ilipopoa, gundi hakuipata, ila mkononi alikuwa na kitu laini kinachonyumbulika na kudunda kama mpira.

Fikiria tambi zilizochemshwa zikaachwa zipoe bila mafuta: zinashikana donge moja. Tia mafuta, kila uzi unateleza peke yake. Molekuli za PVC ni nyuzi ndefu za namna hiyo, na kilainishi, kama kile kiyeyusho cha Semon, ndicho mafuta yake. Katika leza laini kinaweza kufika theluthi ya uzito wote. Lakini hakikufungwa kwenye nyuzi, kimejipenyeza tu katikati yake. Joto ndani ya gari lililofungwa juani linapopanda, kinaanza kuhama kidogo kidogo. Kingine kinapaa hewani na kutua kwenye kioo. Kingine, na hili ndilo lililonifungua macho, kinarudi nyuma na kuingia kwenye gundi, kikailegeza. Leza iliyopoteza mafuta inasinyaa na kuvuta kingo zake, wakati uleule gundi iliyozishika imekuwa laini. Ndiyo maana pembe hubanduka kwanza.

Basi dawa ya kung'arisha haiwezi kuirudisha leza iliyokauka. Mafuta ya silikoni hukaa juu yakang'aa, hayaingii kati ya nyuzi. Baya zaidi, gundi haishiki palipopakwa silikoni. Mimi nilikuwa nimepaka kila wiki, kwa upendo kabisa, nikawa namharibia kazi fundi.

Leza iliyobanduka lakini bado inakunjika inaokolewa. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, uifute kwa spiriti kidogo. Usitumie tina, inaila plastiki. Kwangua gundi ya zamani, kisha paka gundi ya kontakti inayostahimili joto pande zote mbili, leza na ubao ulio nyuma yake. Halafu subiri. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa: tunagandamiza gundi ikiwa bado mbichi. Kiyeyusho cha gundi lazima kipae kwanza, mpaka ukigusa gundi isikamate kidole. Ndipo nyuzi za gundi za pande mbili zinapokutana na kuingiliana. Leza iliyopasuka na kuwa ngumu, ibadilishe, huna namna nyingine.

Leza ikitoka, tazama ubao wake. Kwenye magari mengi ya zamani ni hadibodi, nyuzi za mti zilizoshindiliwa, na maji ndiyo adui yake. Mvua inayoteleza kwenye kioo huingia ndani ya mlango kila inaponyesha. Imepangwa hivyo, itoke kwa matundu ya chini. Kinachoilinda hadibodi ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye bati la mlango. Mafundi wengi huichana wakitengeneza mashine ya kioo, na wala hawairudishi. Hadibodi ikinywa maji inavimba, matundu ya klipu zinazoishika mlangoni yanachanika, na mlango unaanza kugonga barabarani.

Nailoni ya mlango wangu ilikuwa imechanika nusu. Mimi na fundi tulikata nailoni nzito mpya, tukaibandika kuzunguka bati lote, tukaimarisha matundu ya klipu kwa vipande vya mbao nyembamba, tukazibua matundu ya chini yaliyojaa tope. Kabla ya kurudisha ubao, fundi alimimina ndoo ya maji juu ya kioo. Tukachutama wote wawili kutazama. Maji yalitoka chini ya mlango, na nailoni upande wetu ilibaki kavu.