Mswada na Michoro katika Upangaji wa Filamu Fupi: Mfano wa Nyabusozi

1.0 Utangulizi

Filamu fupi hutungwa mara mbili karatasini kabla ya kamera kuwashwa: kwanza kwa maneno, katika mswada; kisha kwa picha, katika storibodi, yaani michoro inayopangwa kwa mfuatano, kila mmoja ukiwakilisha shoti. Utaratibu wa storibodi ulikuzwa katika studio ya Walt Disney mwanzoni mwa miaka ya 1930. Makala hii inaeleza mgawanyo wa kazi baina ya nyenzo hizi mbili, na inadai kuwa penye lugha zaidi ya moja, mchoro ndio unaowapa wanajamii nafasi ya kuisahihisha filamu mapema.

2.0 Funzo la Kihistoria

Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, ambao makao yake yalikuwa Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu 35. Sauti haikurekodiwa pamoja na picha; maelezo yalitiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali. Lugha, basi, ilifika picha zikiwa zimekwisha kamilika. Mfasiri aliweza kubadili neno, lakini hakuweza kubadili nani asimame mbele na nani nyuma.

3.0 Mfano wa Nyabusozi

Na ichukuliwe filamu ya kubuni ya dakika tano inayotengenezwa Nyabusozi, Biharamulo, eneo ambamo Kisubi huzungumzwa sambamba na Kiswahili. Ndugu wawili wanagombea mpaka wa shamba. Mama yao mjane anaujua ukweli.

3.1 Mswada

Kwa kuwa ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja, mswada huu utakuwa wa kurasa tano hivi. Kila onyesho hutajiwa mahali na wakati, kisha hufuata vitendo na mazungumzo. Kisichoonekana wala kusikika hakiandikwi. "Mama anaujua ukweli" ni maelezo ya riwaya. "Mama anautazama mti wa mpaka, kisha anainamisha kichwa" ni mswada. Aidha, lugha ya kila usemi sharti ibainishwe. Mwana anayemjibu mamaye kwa Kiswahili mbele ya mwenyekiti wa kijiji, ilhali yeye amesemeshwa kwa Kisubi, amekwisha kuchagua upande.

3.2 Storibodi

Chini ya kila mchoro huandikwa namba ya shoti, umbali na mwendo wa kamera, pamoja na sauti itakayosikika. Mchoro hauhitaji ustadi. Vijiti vya watu vinatosha. Mzee asiyeweza kuusoma mswada anaweza kuutazama mchoro na kuhoji kwa nini mjane ameketishwa pembeni wakati shamba la marehemu mumewe linajadiliwa. Kosa hilo hufutwa kwa raba. Likigunduliwa baada ya upigaji picha, hudai siku nyingine ya kazi, au huachwa.

4.0 Hitimisho

Storibodi haichukui nafasi ya mswada: haiwezi kupima urefu wa kimya wala lafudhi ya jibu. Hata hivyo, huufanya uamuzi wa mtunzi uonekane ungali unaweza kupingwa. Kwa sababu hiyo, watafiti wa fasihi na filamu hawana budi kuhifadhi miswada na michoro pamoja na filamu zenyewe, kwani alama za kufutwa na kuchorwa upya ndizo zinazodokeza ni nani aliyeshauriwa.