Bustani Nyuma ya Nyumba: Furaha za Mwisho wa Mvua

Katika nchi ya Katanga mwaka hugawanyika sehemu mbili: wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Mvua hushika nguvu karibu na mwezi wa Novemba na kukatika katikati ya Aprili. Basi majuma ya mwisho ya Machi na yale ya kwanza ya Aprili ndiyo karamu ya mwenye bustani. Jua limerudi, ardhi ingali na maji, na baridi ya Juni haijabisha hodi. Pita asubuhi katika njia za Panda, mjini Likasi, utazame nyuma ya nyumba: hapa mahindi yamekauka ndevu, pale mboga yameparamia ukuta, na mbele ya mlango maua ya zinia, ya dalia na ya kana yanashindana kwa rangi.

Furaha za wakati huo ni ndogo, lakini ni nyingi. Hindi bichi huvunjwa na kuchomwa siku ileile. Majani machanga ya mboga huchumwa, mishipa yake humenywa, nayo hupikwa pamoja na karanga zilizotwangwa. Lengalenga, ambayo watu wa pwani huiita mchicha, hukatwa leo na kuchipua tena baada ya siku chache. Matembele hutambaa yenyewe bila kuombwa. Sombe ingali laini, na bukari ya moto ikiwekwa mezani nyumba nzima hukaa kimya kwa utamu. Tena yule aliyelima hupata furaha ambayo mnunuzi sokoni haijui: anakula kitu alichokiona kikiwa mbegu.

*Bustani iliyolisha mji*

Msifikiri kwamba bustani hizi ni mchezo tu. Panda ni mtoto wa shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilijenga hapa mitambo ya kusafisha mawe ya shaba, na mwaka wa 1929 kiwanda kikubwa cha Shituru kilianza kazi karibu yake. Mji wenyewe uliitwa Jadotville mpaka mwaka wa 1966. Wafanyakazi walipewa nyumba, mshahara na posho ya unga, na desturi hiyo iliendelea baada ya mali ya kampuni kuwa ya Serikali mwaka wa 1967, hata ikaitwa Gécamines. Wakati ule baba aliitegemea kampuni, na kijishamba cha mama kilikuwa nyongeza.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka, na katika miaka iliyofuata kazi ya Gécamines ilipungua sana. Mishahara ikachelewa, posho ikakatika. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba nyongeza ya mama ilikuwa nguzo ya nyumba. Jembe lililodharauliwa lilileta chakula cha jioni, na mafungu ya lengalenga yaliyouzwa njiani yalinunua daftari za watoto. Wazee hawakukosea waliposema: haba na haba hujaza kibaba.

*Udongo wenye utajiri na hatari*

Lakini mkulima wa mji wa shaba ana neno moja la kujifunza ambalo mkulima wa kijijini halihitaji. Udongo uleule unaoleta mshahara waweza pia kuleta ugonjwa. Vumbi la migodi, moshi wa viwanda na masalio ya mawe yaliyosagwa hubeba shaba, kobalti, risasi na madini mengine. Mwaka wa 2009 wachunguzi wa Vyuo Vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba walipima mkojo wa watu wa Katanga, wakakuta kobalti nyingi mno, hasa kwa wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda. Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka wa 2014, ulitafuta njia ambayo kobalti hupita. Kwa watu wazima, chakula kilicholimwa mahali penye uchafu huo, na hasa mboga za majani, kina sehemu kubwa. Kwa watoto wadogo, vumbi wanalolimeza wakicheza nalo limo.

Je, tuzing'oe bustani zetu? Hapana. Mtu haivunji nyumba yake kwa sababu ya tundu katika paa, huliziba tundu. Twahitaji kuujua udongo wetu, na Mwenyezi Mungu ameweka katika nchi hii alama ya kutusaidia. Alama hiyo ni ua.

*Ua la shaba*

Kuna mmea mdogo wa porini, wa jamaa moja na mrihani, wenye maua ya rangi ya zambarau. Wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, na watu wengi huuita ua la shaba. Mimea mingi hufa au hudumaa katika udongo uliojaa shaba. Huu hustahimili, nao hujaa mahali ambapo mingine imeshindwa. Kwa hiyo watafutaji wa madini waliufuata ili waone shaba ilipo. Hata wachunguzi wa mambo ya kale waliufuata, wakafikia mahali ambapo mababu zetu waliyeyushia shaba katika tanuru za udongo, zamani kabla ya kampuni yoyote kuja.

Basi, ninyi wanafunzi, jifunzeni kuutambua. Ukiota wenyewe kwa wingi katika kiwanja chenu, huo si hukumu, bali ni onyo. Mahali hapo msipande mboga za kula. Hata pasipokuwa na ua hilo, tazameni: je, majani hayaoti, au yanageuka ya manjano ingawa mvua ni nyingi? Je, kiwanja kimejazwa kwa mawe na mchanga uliotoka kiwandani? Je, njia ya malori ipo karibu? Mwenye macho haambiwi tazama.

*Kila kitu mahali pake*

Hapa ndipo bustani ya maua na bustani ya mboga zinaposaidiana kama ndugu wawili. Udongo mnaoushuku upeni maua, kwa maana zinia na dalia haziingii chunguni. Kando ya njia pandeni ua wa miti yenye majani mengi, ili uzuie sehemu ya vumbi kabla halijafika kwenye matuta. Nanyi mboga ziwekeni nyuma, mbali na njia, katika udongo mwema. Kama udongo wa kiwanja chote una mashaka, leteni udongo safi kutoka mbali, mjenge tuta lililoinuka, au mjaze masanduku na mapipa yaliyokatwa.

Tena lisheni udongo wenu. Samadi ya mbuzi na kuku, majani yaliyooza na chokaa kidogo huifunga shaba isiingie kwa wepesi katika mizizi. Jambo hili si la kubahatisha. Kule Penga Penga, Lubumbashi, moshi wa kiwanda kilichoanza mwaka wa 1911 uliifanya ardhi kuwa uchi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipotia mbolea ya majani na chokaa, nyasi za nchi hii zilishika mizizi tena.

Mwisho wa yote, mama, osha mboga zako vizuri kwa maji safi mara mbili au tatu kabla ya kuzikatakata. Maji hayaondoi kilichopita katika mizizi, lakini huondoa vumbi lililokaa juu ya jani. Na watoto wanawe mikono kila watokapo kucheza, kabla hawajagusa chakula.

*Maua ni ya nini?*

Wako watu wasemao: «Ua haliliwi, kwa nini kulipotezea nafasi?» Wajibiwe kwa upole. Nyuki hulijia ua, na akiisha kulitembelea huenda pia kwenye ua la boga. Pasipo mdudu wa kulitembelea, boga halizai. Tena moyo wa mtu nao una njaa yake. Baba anayerudi kutoka kazini amejaa vumbi, akikuta mlangoni pake rangi nyekundu na ya manjano, amekwisha kupumzika nusu kabla hajaketi.

Na tusisahau kwamba Pasaka yetu huangukia karibu na wakati huu, kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Penye baridi kali maua ya altare huwa haba siku hizo. Kwetu bustani imejaa. Injili ya Yohane yasimulia kwamba asubuhi ile ya ufufuko Maria Magdalena alimwona Bwana, akamdhani kuwa mtunza bustani. Mtunza bustani asijione basi kuwa mtu wa kazi duni.

Mvua zikikaribia kukatika, fanyeni mambo mawili. La kwanza, acheni mashina machache ya lengalenga na ya zinia yakomae, mkusanye mbegu zake, mzikaushe kivulini na kuzifunga kwa karatasi. La pili, andaeni kitalu cha kabichi na vitunguu, kwa kuwa hivyo hupenda ubaridi wa kiangazi kama maji yapo. Na mkiwa na mbegu nyingi, mgawieni jirani kiganja kimoja, mkamwonyeshe pia lile ua la zambarau na kumweleza maana yake. Mbegu zitamlisha mwaka ujao, na maarifa hayo yatawalinda watoto wake.