Sahani ya Mchana Isiyodaiwa

Mwaka 1946, Rais Harry Truman alitia saini sheria ya kitaifa ya chakula cha mchana shuleni. Tangu hapo serikali ya Marekani huzirudishia shule fedha kwa kila mlo zinaotoa, na mtoto wa familia yenye kipato duni hula bila kulipa.

Kipimo ni mapato. Familia isiyozidi asilimia 130 ya kiwango rasmi cha umaskini hupata mlo bure. Ikizidi hapo lakini isipite asilimia 185, mtoto hutozwa senti 40 kwa juu kabisa.

Fomu moja hutosha kwa watoto wa nyumba moja wanaosoma wilaya moja. Wanaopokea SNAP, msaada wa kununulia chakula, kwa kawaida hawajazi chochote, maana majina hulinganishwa kwenye kumbukumbu za jimbo. Familia za Wakongo waliohamia huko zishike hili: uraia si sharti, na mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii huweka alama tu kwenye fomu kuonyesha hana.

Tatizo kubwa ni aibu. Sheria hukataza kumtenga au kumtambulisha mtoto anayekula bure, lakini watoto wana macho. Ndiyo maana mpango wa kulisha shule nzima bila fomu una thamani kubwa. Mwaka 2023 sharti lake lililegezwa, kiwango kinachotakiwa cha wanafunzi waliokwisha kuthibitishwa kustahili mlo bure kikishuka kutoka asilimia 40 hadi 25. Jimbo la California lilikwenda mbali zaidi: tangu 2022, kila mwanafunzi wa shule ya umma anayetaka kula hula bure.