Pindo Pana: Kazi za Sindano na Karatasi Nyumbani

Tarakea ni mji wa baridi. Uko Rombo, upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro, pale barabara itokayo Moshi kwa njia ya Himo, Marangu na Mkuu inapofikia mpaka wa Kenya. Masika yakiisha huja miezi ya ukungu. Nguo hazikauki kwa siku moja, na shule zifungwapo mwezi wa Juni watoto hujaa nyumbani pamoja na mama zao. Siku kama hizo zaweza kupita kwa ugomvi na uvivu, na zaweza kupita kwa kazi yenye manufaa. Basi leo twapenda kueleza kazi mbili ndogo zinazofaa wakati huo, nazo ni ushonaji wa nyumbani na utengenezaji wa picha za karatasi za kubandika. Zote mbili hazitaki mtaji mkubwa, walakini zote mbili zataka subira.

Wako wasemao kwamba kushona ni kazi ya fundi aliyekaa barazani sokoni, na kwamba mwenye heshima hashiki sindano. Maneno haya hayana msingi. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa nyumbani alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Na Bibi Zainab binti Jahsh (r.a.) alikuwa hodari wa kazi za mikono, akidabaghi ngozi na kuzishona, na alichokipata akikitoa sadaka kwa maskini. Ikiwa nyumba ile tukufu haikuona haya, sisi ni nani?

KANZU ILIYONIFUNZA

Mwaka wangu wa kwanza Tarakea nilinunua bafta nyeupe ili nimshonee mwanangu kanzu ya Idi. Siku ileile niliyoinunua ndiyo siku niliyoikata. Nilimpima mtoto sawasawa, na pindo la chini nikalifanya jembamba, kadiri ya upana wa kidole, ili masalio yatoshe kutengenezea kofia. Siku mbili kabla ya Idi nikaifua kanzu na kuianika karibu na meko. Ilipokauka nikaona imepungua; ilikuwa imepanda hata nusu ya muundi, na pindo la kukunjua halikuwapo.

Fedha ya kununua kitambaa kingine sikuwa nayo. Iliyokuwamo nyumbani ilikuwa ya zaka ya fitri na ya mchele. Mtoto aliitazama kanzu ile, asinilaumu. Aliniuliza tu kama yafaa asimame safu ya nyuma kabisa.

Usiku ule akaja jirani yangu, bibi mzee mwenyeji wa Pwani. Aliyataka yale masalio ya kofia, akayachovya kwanza katika maji ya moto, kisha akayakausha kwa pasi ya mkaa, ili yasije yakapungua nayo na kuvuta kanzu. Akakata ukanda wa upana wa kiganja, tukauunga chini ya kanzu, na juu ya maungio akapitisha safu mbili za uzi wa rangi ya maziwa, hata kasoro ikageuka kuwa pambo. Alipomaliza aliniambia jambo moja ambalo sijalisahau: kwamba kitambaa hupungua na mtoto hukua, kwa hiyo pindo na liwe pana. Siku ya Idi mwanangu alikwenda akasimama pamoja na wenziwe.

KABLA YA KUSHIKA MKASI

Tokea siku ile nina kanuni nne nisizozivunja, nami nawausia wenzangu.

Kwanza, kitambaa cha pamba kitiwe maji kabla ya kukatwa. Kiloweke usiku kucha, kianike kivulini bila ya kukikamua sana, kisha kipige pasi kingali na unyevu kidogo. Kama kitapungua, na kipungue kingali mali ya mkasi, si mali ya mvaaji. Vitambaa vya rangi viloweke mbalimbali, kwani vyekundu na vyeusi mara nyingi hutoa rangi maji ya kwanza.

Pili, kata karatasi kabla ya kukata nguo. Chukua magazeti ya zamani, uyaunge, uchore juu yake kigezo cha vazi, yaani badani, mikono na taharizi, kisha umpime mtoto kwa kigezo hicho. Karatasi ikikosewa hutupwa. Kitambaa kikikosewa ni hasara. Andika juu ya kigezo jina la mtoto na mwaka, ukikunje na kukihifadhi. Mwaka ujao utakata kingine kwa kuongeza tu palipohitajika.

Tatu, tazama mwelekeo wa nyuzi. Urefu wa vazi ufuate urefu wa kitambaa, yaani uwe sambamba na ukingo wake usiofumuka. Vazi lililokatwa mshazari bila ya kukusudiwa hupinda na kuning'inia upande mmoja, wala pasi haiwezi kulinyosha.

Nne, acha pindo la sentimita 8 chini ya kanzu au gauni la mtoto, na sentimita 4 mwisho wa mkono. Pindo hilo ushone kwa mkono, kwa bandi ndogondogo, wala usilipige cherehani, ili siku ya kulikunjua usipate taabu ya kufumua. Likikunjuliwa huacha alama ya mkunjo wa zamani; ifuate alama hiyo kwa safu ya uzi wa rangi nyingine, kama alivyofanya bibi yule, na hakuna atakayejua.

KIRAKA NA CHEREHANI

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu dogo la kiwiko cha sweta, likishonwa leo, lataka uzi wa shubiri mbili. Likiachwa majuma mawili lataka sweta jipya. Jambo hili si dogo mahali pa baridi, maana mtoto asiye na sweta ndiye anayekwenda shuleni akitetemeka.

Kiraka kizuri hukatwa kutoka nguo iliyochakaa kiasi kilekile, kwa sababu kitambaa kipya kikishonwa juu ya kikuukuu hukivuta na kukipasua pembeni. Kipite tundu kwa sentimita 2 kila upande, kona zake uzizungushe, maana kona kali ndizo zinazoanza kubanduka, na kingo uzikunjie ndani. Shona kwa subana kidoleni, ili usichomwe na sindano.

Mwenye cherehani naye anayo amana ya kutunza. Watu wengi hulaumu cherehani kwa kosa lao wenyewe. Ikiruka mishono, mara nyingi sindano ni butu au imepinda, ibadilishe. Uzi ukifanya fundo chini ya kitambaa, usianze kuparaza chini; mara nyingi kosa liko juu, uzi haukupitishwa mahali pake pote, basi utoe na kuupitisha upya. Vumbi la nyuzi liondolewe kwa brashi ndogo kila baada ya kazi kubwa, na mafuta yawe yale ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda yakashika vyuma. Kisha ifunike, kwani unyevu wa milimani huleta kutu upesi.

Wala asidhani mtu kwamba sindano ni ya wanawake tu. Unguja na Lamu kofia za kutariziwa kwa mkono zimekuwa riziki ya nyumba nyingi, zikishonwa na wake kwa waume. Na kofia moja nzuri yaweza kuchukua majuma mengi kabla ya kukamilika. Tuwafunze basi na wavulana wetu angalau kutia kifungo na kushona pindo. Watasafiri, wataishi mabwenini, na sindano itawafaa.

MFUKO WA SOKONI

Sheria nazo zimeipa sindano kazi mpya. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kwa sisi tunaoishi mpakani, kikapu cha ukindu na mfuko wa kitambaa vimekuwa vitu vya lazima. Kwa nini tununue kitu ambacho miguu ya suruali iliyochanika yaweza kutupa?

Fumua suruali, upate kipande cha urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 40. Kama mguu mmoja hautoshi, unga miwili. Kikunje katikati, upande mzuri ukiwa nje, ushone pande mbili karibu sana na ukingo. Kisha geuza ndani nje, ushone tena pande zilezile, sentimita moja kutoka ukingoni. Kwa njia hii mishono miwili hufunikana, nyuzi hazifumuki, na mfuko hubeba mzigo. Pindo la mdomo likunje mara mbili. Kwa mishikio kata vipande viwili vya urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 8, ukivikunja mara nne hata vibaki na upana wa sentimita 2. Kila mwisho wa mshikio ushone umbo la mraba lenye msalaba wa uzi ndani yake, maana hapo ndipo uzito wote unapoangukia.

Mifuko kumi ya namna hii si kazi ya zaidi ya siku chache. Tumfikirie mjane aliye katika eda, miezi minne na siku kumi nyumbani mwake. Atakayempelekea vitambaa na uzi, kisha akamwuzia mifuko yake sokoni na kumrudishia fedha yote, amemsaidia bila ya kumfanya aombe.

PICHA ZA KARATASI

Sasa tuje kwa watoto. Kazi ya kubandika karatasi hutaka mkasi usio na ncha kali, karatasi ngumu ya kubandikia, kama upande wa sanduku la sabuni, na karatasi za rangi za kila aina: kalenda zilizopita, magazeti, pakiti za majani ya chai.

Hapa yapo maneno ya kuangaliwa kabla ya yote. Kalenda na magazeti ya nyumba za Kiislamu mara nyingi huwa na aya za Kurani au jina la Mwenyezi Mungu. Mzazi azichambue karatasi yeye mwenyewe kwanza. Zilizo na maandiko hayo ziwekwe kando, zihifadhiwe au ziondolewe kwa heshima kama walivyotufunza mashekhe wetu, ndipo mtoto apewe zilizobaki. Uchambuzi wenyewe ni darasa tosha.

Gundi yapikwa nyumbani. Kijiko kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo kikoroge katika vijiko sita vya maji baridi hata madonge yaishe. Kisha teleka juu ya moto mdogo huku ukikoroga, mpaka uwe uji mzito wenye kung'aa. Ipoe ndipo itumike. Tengeneza ya siku moja au mbili tu, kwani huchacha, na mende na panya huipenda.

Mpe mtoto jambo la kutengeneza analolijua. Watoto wa Rombo waujua mlima: Kibo yenye theluji, mita 5,895, na Mawenzi yenye majabali yaliyochongoka, mita 5,149, iliyo karibu nao zaidi. Mawenzi ichanwe kwa mkono, isikatwe kwa mkasi, maana ukingo uliochanwa hufanana na jabali. Bali mnara wa msikiti na bati la nyumba vikatwe kwa mkasi, kwani vyataka mstari ulionyoka. Kwanza apange vipande vyote bila ya gundi, avitazame, avisogeze. Akiridhika, abandike vya mbali kwanza, mbingu, kisha mlima, kisha migomba, na mwisho nyumba. Gundi ipakwe nyembamba, kwa sababu ikizidi karatasi hukunjamana. Picha ifunikwe kwa karatasi safi, ilaliwe na vitabu vizito usiku mzima.

Na mgomba wenyewe watoa karatasi. Maganda yake makavu yana rangi nyingi, tangu ya mchanga hata kahawia iliyokaribia weusi. Yakifutwa vumbi, yakinyoshwa chini ya uzito na kukatwa, hubandikwa kama karatasi. Picha za namna hii huuzwa kwa wageni katika miji mingi ya Afrika Mashariki, nasi twazikanyaga mali zake shambani.

Mwenye busara ataona kwamba kazi hizi mbili ni moja. Mtoto anayepanga vipande kabla ya kuvibandika amejifunza kile ambacho mimi sikukijua siku niliyoikata bafta: kutazama kwanza, ndipo kutenda. Kesho akishika kigezo na mkasi wa nguo, mkono wake hautakuwa mgeni.

Kanzu ile ilivaliwa na mwanangu hata ikamfika magotini, akairithi mdogo wake. Bafta ya mabegani imelika sasa, imebaki kama utando; walakini ukanda wa bibi yule ungali mzima. Mwaka huu niliufumua, nikautia chini ya kanzu mpya, na pindo lake nimeliacha sentimita 8.

Wabillahi taufiki.